Mafunzo ya ujasiriamali ya wiki sita, Temeke: elfu sitini yako inarudi?

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi hamtafika chini. Inarudi, ila hairudi kwa zile siku unazokaa ukumbini unapiga makofi, inarudi siku mwalimu anapokuja kwenye kibanda chako, anavuta stuli, anaomba kuona daftari. Kama kituo unachotaka kujiunga nacho hakina hilo la kukufuata ulipo basi hiyo elfu sitini bora ukanunue uzi.

Mi ni fundi cherehani, nina kibanda maeneo ya Mbagala, vyerehani viwili na ovaloki moja na binti mmoja ananisaidia kutia vifungo na kupiga pasi. Kituo kipo huku huku Temeke, jina naliacha maana kuna mazuri nitasema na kuna mengine wenyewe hawatayapenda na mi sitaki maneno, wa huku mtakijua tu. Ada elfu sitini, unaruhusiwa kulipa mara mbili, vipindi mara tatu kwa wiki saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, alafu baada ya hizo wiki sita wanakufuatilia miezi mitatu. Hiyo saa nane nawapa hongera zao, aliyeipanga anajua maisha ya watu. Mama ntilie ameshauza sahani za mchana, wa vitafunwa ameshalala kidogo, sisi mafundi ndo jua kali na wateja hamna. Semina nyingine zinaanza saa mbili asubuhi utadhani sote tumeajiriwa tumeomba ruhusa kwa bosi.

Sasa wiki ya kwanza ilikuwa ya kuamshana tu. Alikuja kaka mmoja wa suti ya bluu na kipaza sauti, wakati ukumbi wenyewe mdogo ukikohoa mbele wa nyuma anasikia, mgeukie jirani yako mwambie wewe ni tajiri mtarajiwa, pigeni makofi, simama, kaa, haya tena. Na ile ya Bakhresa na viazi, ambayo kila semina ya ujasiriamali nchi hii lazima ipite. Sina ubaya na mzee wa watu, katoka mbali na kafika mbali, ila mi nikisikia viazi nataka kujua gunia alinunua bei gani, mafuta bei gani, jioni alikuwa anabaki na ngapi, na waliokula kwa mkopo aliwadai vipi. Hapo ndo darasa lingeanza. Kaka akapita juu kwa juu, kutoka kwenye viazi mpaka viwanda vya unga dakika tatu.

Mwisho wa wiki hiyo hiyo akaja mwalimu mwingine, kijana mpole, na zoezi moja nililipenda sana. Akasema nendeni mtaani kwenu mhesabu wangapi wanauza unachouza wewe, alafu mrudi mniambie kitu kimoja tu ambacho wewe unafanya na wao hawafanyi. Kimoja tu. Mtaani kwetu mafundi tumejipanga, kila kibanda kina lile bango lile lile la mishono ya vitenge lenye wadada wale wale, na sote tukiulizwa nguo iko wapi tunasema njoo kesho. Yaani hata mi mwenyewe ningekuwa mteja nisingejua nimchague nani.

Mwalimu akatuambia huko Togo, mjini Lomé, kuna utafiti ulifanywa kwa wafanyabiashara wadogo 1,500, kundi moja likafundishwa biashara kwa mtindo wa kawaida wa mahesabu na masoko, jingine likafundishwa kujiongeza, yaani kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa, kuona mbele, na ukikwama unatafuta njia nyingine, na kundi la tatu likaachwa hivi hivi. Majibu yalitoka 2017. Wale wa kujiongeza faida ilipanda kama asilimia 30, wale wa mtindo wa kawaida 11, na hata hiyo 11 watafiti wenyewe wanasema kitakwimu huwezi kuitegemea. Mi huwa siamini maneno ya ukumbini, nikaenda kuisoma kwenye simu, ipo kweli. Na ndo nikaelewa kwa nini zoezi la yule kijana lilinikaa na makofi ya kaka wa suti hayakunikaa, kijana alinipa kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Nilichotoka nacho ni hiki, mafundi wengi hatupendi kurekebisha mitumba, hela ndogo, unaona bora ushone gauni. Nikaandika kibao "Kupunguza mtumba, unasubiri hapo hapo". Suruali inapunguzwa kiuno, unapunguza urefu, mteja anakaa kwenye benchi anachezea simu, analipa anaondoka. Hamna kukopwa hamna njoo kesho. Hela yake ndogo ni kweli lakini ni ya leo, na ndo inayolipa luku.

Wiki ya pili sasa. Ya sabuni. Hapa naomba niseme bila kupepesa macho maana ni ugonjwa wa nchi nzima sio wa hiki kituo peke yake. Mtu ukimwambia mafunzo ya ujasiriamali anachoelewa ni sabuni ya maji, batiki, keki na mishumaa. Tukachanganya salfoniki, slesi, soda ashi, chumvi, rangi, manukato ya limao, tukakoroga kwa mti kwenye pipa la bluu, povu likajaa, picha zikapigwa za kutosha (wafadhili wanapenda povu), kila mtu akarudi kwake na chupa ya lita moja na nusu. Wiki iliyofuata nusu ya darasa wanauza sabuni ya maji na nusu iliyobaki ndo wateja wao, na dukani kwa mangi kuna sabuni za viwandani zina nembo ya TBS, shirika la viwango, watu wameshazizoea. Hayo ni mapishi, sio ujasiriamali. Aliyenufaika ni muuza kemikali wa Kariakoo.

Ila kulikuwa na mdada mmoja mdogo, mkimya, akanyoosha mkono akauliza, samahani mwalimu, hii nikitaka iingie dukani kabisa nafanyaje? Akajibiwa kwa ufupi kwamba uanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo tangu 1973 na wana ofisi mikoani, wanakupa barua ya utambulisho kwenda TBS, na mjasiriamali mdogo anayepitia njia hiyo anapata nafuu ya gharama za alama ya ubora. Dakika mbili likaisha. Jamani hilo lilikuwa somo la siku nzima! Fomu inafananaje, lebo iandikwe nini, jina la biashara BRELA linasajiliwaje mtandaoni kwa namba ya NIDA, jikoni kwako patakaguliwa vipi. Pipa likapewa wiki nzima na swali la yule mdada likapewa dakika mbili, hapo nawakata nyota bila huruma.

Kuna mchezo pia tuliucheza unatoka kwenye vitabu vya Shirika la Kazi Duniani vya anzisha na boresha biashara yako, mnagawanywa makundi mnakuwa kampuni, mnakopa benki ya uongo, mnanunua karatasi, mnatengeneza kofia za karatasi mnauza sokoni. Kundi letu tulitengeneza kofia nyingi kuliko wote, tukacheka sana wenzetu, soko likafunguliwa likanunua chache, tukabaki na kofia mezani na deni la benki. Mchezo mzuri, unaelewa bila kuambiwa.

Alafu akaja Madam.

Madam ni mama mtu mzima, zamani alikuwa mhasibu, hana slaidi wala kipaza sauti, ana chaki na kitambaa cha kufutia. Aliingia akauliza, jana umeuza ngapi? Tukajibu haraka haraka, elfu thelathini, laki, elfu arobaini na tano. Akauliza tena, na jana umebaki na ngapi? Kimya. Wengine tukaanza kutafuta kalamu chini ya meza.

Akamuita dada mmoja anauza chapati, sisi tunamwita Mama Chapati na yeye mwenyewe kalizoea.

"Dada yangu, chapati bei gani?"

"Jero."

"Asubuhi unapiga ngapi?"

"Unga kilo mbili Madam, zinatoka ishirini na nne."

Madam akageukia ubao. Unga kilo mbili 4,000. Mafuta nusu lita 3,000. Mkaa 2,000. Chumvi, maji na mifuko tuseme 500. Jumla 9,500. Mauzo ishirini na nne kwa jero ni 12,000. Zinabaki 2,500, Mama Chapati akatabasamu akasema si ndo hiyo Madam, sio haba.

"Na kwako asubuhi watoto wanakunywa chai na nini?"

Darasa zima tukaangua kicheko, na yeye akacheka huku kashika mdomo. Chapati nne kila siku. Elfu mbili. Madam akaitoa, ubaoni ikabaki jero moja. Mtu kaamka saa kumi alfajiri, kasukuma, kachoma, kakaa na moshi, na bado ushuru wa pale anapokaa hatujauweka.

"Kwahiyo niache Madam?"

"Nani kakwambia uache? Wateja wako wanakula chapati na nini?"

Kumbe wanakula na chai, na chai wanainunua kibanda cha pembeni. Tukapiga hesabu ya chai ya rangi ubaoni, majani, sukari, tangawizi, mkaa ni ule ule uliokwisha waka, kikombe kinauzwa mia tatu na gharama yake kwa hesabu yetu haikufika mia. Vikombe ishirini tu ni zaidi ya elfu nne inayobaki. Na bei ya chapati hakuigusa, maana ukisema mia sita chenji ya mia utaitoa wapi asubuhi, na jirani yako bado anauza jero. Sasa hivi Mama Chapati ana chupa mbili kubwa za chai na chapati zimekuwa ndo za kuitia watu. Mi hili somo peke yake ningelilipia hata elfu thelathini.

Madam akaja kwenye jambo ambalo naona ndo lilinigusa zaidi na ndo semina nyingi hazithubutu kulisogelea, hela ya nyumbani. Kila mwalimu anasema tenganisha hela ya biashara na ya nyumbani, rahisi kusema. Mama Chapati akauliza swali ambalo wanawake wote tulikuwa nalo, sasa baba watoto akija kuomba elfu tano ya kwenda msibani nimwambie hii ya biashara? Atanielewa vipi, si nitaambiwa nimeota mapembe? Yule kaka wa suti angesema muelimishe mwenzako. Madam hakusema hivyo. Alisema mpe, ila fungua ukurasa mwingine nyuma ya daftari, juu andika NYUMBANI, kila kinachotoka kwenda kwako kiandike hapo, chapati nne, elfu tano ya msiba, vocha, dawa ya mtoto. Usigombane na mtu. Mwisho wa mwezi jumlisha, kaa na mwenzio mkiwa mmeshiba muusome wote wawili huo ukurasa. Mara nyingi, alisema, ugomvi unaisha wenyewe kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua ni kiasi gani, na hata wewe mwenyewe umo humo.

Na akatuambia kitu kingine. Hapa hapa Dar mwaka 2008 watafiti kutoka Norway walishirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakawafundisha biashara wakopaji wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo, vipindi 21 vya dakika 45 kila kimoja. Wanaume biashara zao zilipanda kabisa, za wanawake zilisogea kidogo tu. Darasa lile lile, walimu wale wale. Wanaume wa darasani kwetu wakaanza kuvimba vichwa, mmoja wa mbele akasema si mnaona, Madam akamtazama akamuuliza baba, jana jioni nani kapika kwako? Akakaa. Maana kama mwanamke anatoka darasani anajua kila kitu ila saa kumi na mbili lazima afunge akapike, na droo yake kila mtu ana ruhusa nayo, utamlaumu vipi kwamba hakuelewa somo? Mi naona ndo maana ule ukurasa wa NYUMBANI ni somo kubwa kuliko masoko na huduma kwa wateja vikichanganywa.

Kodi. Najua mnataka kuruka lakini someni kidogo. Wengi wetu tunaikimbia TRA, tukisikia afisa anapita mtaani tunafunga mlango. Mwalimu wa kodi alituonyesha viwango vya wafanyabiashara wadogo wasiotengeneza hesabu za ukaguzi: mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka hulipi kitu. Kuanzia milioni nne mpaka saba, kama huna kumbukumbu unalipa 100,000, kama una kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya ile iliyozidi milioni nne. Akachukua mfano wa mtu wa milioni tano, iliyozidi ni milioni moja, asilimia 3 yake ni 30,000. Yaani wawili wanauza sawa sawa, mmoja anaandika mwingine haandiki, asiyeandika analipa elfu sabini zaidi. Ukumbi ulitulia kweli kweli. Fundi aluminiamu aliyekuwa nyuma yangu muda wote anachati akaomba arudie. Na TIN, namba ya mlipakodi, ni bure jamani, kama kuna mtu alikuomba elfu ishirini akutengenezee TIN hiyo ulimpa ya soda. Wengi wetu tulikuwa bado tunakumbuka vile vitambulisho vya machinga vya elfu ishirini vilivyoanza mwisho wa 2018, watu walidhani ukishakuwa nacho ndo umemaliza mambo yote ya kodi milele.

Ufuatiliaji sasa, ndo ninachowasifia hasa. Baada ya darasa Madam au yule kijana anakuja kwako siku ya biashara, hakupi taarifa sana, anasema tu wiki hii nitapita. Kwangu alikuja Madam. Hakuangalia cherehani hata kidogo, aliangalia juu, kwenye kamba. Pale kuna nguo za wateja zilizokwisha na wenyewe hawajaja kuchukua. Akaniambia hebu zihesabu mwanangu, na kila moja sema inadaiwa ngapi. Suti ya kitenge ya mtu wa harusi iliyokwisha pita, sketi za mama mmoja kahama, kanzu, sare. Tukajumlisha kwenye karatasi, ikatoka laki mbili na kitu. Akasema hii kamba ndo mtaji wako, umeuanika.

Utaratibu alioniachia ni wa kawaida tu ila unafanya kazi: nusu ya hela inalipwa kabla mkasi haujagusa kitambaa, tarehe ya kuchukua inaandikwa kwenye karatasi na mteja anaipiga picha hiyo karatasi kwa simu yake, na kibao ukutani kwamba nguo ikikaa zaidi ya miezi mitatu tutaiuza kufidia ufundi. Kibao sijawahi kukitumia, kipo tu, lakini watu wanakisoma. Wapo wateja waliosusa, wakasema eti siku hizi fundi umekuwa na masharti kama hospitali. Waende salama, walikuwa ni wale wale wa kwenye kamba. Na akanishauri watu wengi walipe kwa Lipa Namba hata kama kuna vijisenti vinakatwa ukitoa, kwa sababu mwisho wa mwezi simu inakupa orodha ya miamala na hata siku umechoka kuandika daftari kuna kitu kimebaki.

Sasa mabaya mengine. Wiki ya mwisho tuliambiwa kuna somo la mitaji, tukaja wengi kuliko siku zote, hata waliokwisha potea walirudi. Nusu ya kwanza nzuri, tukaelezwa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, haina riba, mnaomba kama kikundi, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na wakatusaidia mpaka namna ya kuandika katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao. Safi sana. Nusu ya pili wakaingia vijana wa kampuni moja ya mikopo na fomu mkononi na fulana zimeandikwa, mfano wao wenyewe waliotoa ni laki mbili, rejesho elfu kumi kila siku kwa siku ishirini na sita. Pigeni hesabu, laki mbili na sitini ndani ya mwezi. Hiyo ndo kausha damu yenyewe, mikopo ya kunyonya watu, imevaa fulana safi tu. Na wameletwa na kituo kile kile kilichotufundisha kupiga hesabu! Madam siku hiyo hakuwepo, na sidhani ni bahati mbaya. Nilifurahi kitu kimoja, Mama Chapati alitoa daftari lake, akafungua, akamuuliza yule kijana, mwanangu hebu nionyeshe hiyo elfu kumi ya kila siku naitoa mstari gani hapa? Kijana akageukia meza nyingine. Lakini wapo waliojaza fomu, na mmoja wao sasa hivi akipigiwa simu na namba asiyoijua anazima.

Cheti ni elfu kumi na tano juu ya ada, hiyo haisemwi mwanzoni. Mi sikuchukua, kwenye kibanda naning'iniza wapi na nani atauliza. Kama una mpango wa kuomba tenda ndogo ndogo za shule au kujiunga kwenye mradi labda kitakufaa.

Vile vitini vya mpango wa biashara ni kurasa kibao, nusu Kiingereza, sijamuona mtu aliyevijaza mpaka mwisho, Madam mwenyewe alituambia andikeni ukurasa mmoja tu: nauza nini, kwa nani, kinanigharimu ngapi, nabaki na ngapi, mwezi ujao nabadilisha nini. Na lile grupu la Watsapu waliloahidi ni la "kubadilishana fursa" ukilifungua asubuhi ni maua na salamu, mchana forex, jioni mtu anauza virutubisho vya kupunguza tumbo. Nimelizima sauti. Ingawa juzi kati fundi aluminiamu alipata kazi ya madirisha kupitia humo humo, kwahiyo sitoki.

Nyota? Nne kwa Madam na kwa kutembelewa, moja kwa sabuni, sifuri kwa wale wa fulana, wekeni wenyewe wastani. Ukienda pale ofisini kwao kujiandikisha yule dada wa mapokezi atakuonyesha picha za mahafali, wewe muulize Madam anafundisha awamu gani, maana hafundishi zote, na ukiambiwa hayupo subiri inayofuata. Siku ya kutembelewa omba waje siku yako ya mauzo makubwa, kwa mimi Ijumaa, wasikupangie Jumatatu umekaa unapunga nzi. Na kaunta buku nenda nayo, kwaya mbili inatosha mwaka, pale mlangoni wanaiuza elfu tano na duka la ng'ambo ya barabara ni elfu tatu.